Mama Kanyaga, fundi wa breki asiyekubali "niongezee tu"

Saa mbili na robo asubuhi, chini ya paa la bati la gereji ndogo kando ya barabara, inaonekana miguu miwili tu. Imevaa raba za kitambaa ambazo zamani zilikuwa nyeupe. Sehemu nyingine ya fundi imelala chini ya gari jekundu la familia, na huko chini kunatoka sauti.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!" anajibu bibi wa miaka sabini na mmoja aliyekaa kwenye kiti cha dereva.

"Tena! Tena! Shikilia hapo!"

"Nimeshikilia mpaka goti linaniuliza swali."

"Usiachie, Mama."

"Niachie niende wapi?"

Spana inazunguka kidogo. Ndani ya mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mafuta meusimeusi yanapita na mapovu yake, yanatiririka hadi kwenye chupa ya plastiki. Spana inarudi ilikotoka.

"Haya, achia."

Bibi anainua mguu, anashusha pumzi, anapangusa kioo cha saa yake kwa ncha ya kitenge. Hajui kuendesha gari. Hajui hata baiskeli. "Kwenye gari najua kitu kimoja tu," anasema, "na ndicho kinacholisimamisha."

Aliye chini ya gari ni mke wa mwanawe, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwembamba, mwenye kovu dogo kwenye kidevu. Watu wanamwita Mama Kanyaga. Kazi yake ni breki, na katika breki anajulikana zaidi kwa kitu ambacho wenye magari wengi hawakikumbuki kabisa: mafuta ya breki.

Kuyabadilisha kunahitaji watu wawili. Mmoja hukanyaga pedali, mwingine yuko kwenye gurudumu, anafungua skrubu ndogo ili mafuta ya zamani yatoke pamoja na hewa. Aliye juu akiachia pedali kabla skrubu haijafungwa, hewa inavutwa ndani na kazi inaanza upya. Kwa hiyo wawili hao lazima wasikilizane. Mama Kanyaga na mama mkwe wake wamesikilizana kwa miaka saba.

"Wengine wanagombana na wakwe zao jikoni," anasema fundi akijifuta mikono. "Sisi hatuna nafasi hiyo. Tukigombana, gari la mtu linaingia hewa."

"Tunagombana," bibi anasahihisha. "Lakini baada ya gurudumu la nne."

Gari jekundu linaondoka. Kabla hawajakaa vizuri kunywa chai, linaingia jingine, la kijivu, la viti saba, linasimama mbali kidogo kuliko lilivyotaka. Linagusa tairi bovu lililosimikwa mlangoni. Anashuka seremala wa miaka thelathini hivi, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi zake. Upande wa pili anashuka shemeji yake, mdogo wa mkewe, amekumbatia beseni jipya lenye blanketi la manjano ndani.

Seremala ana furaha na ana haraka. Mkewe amejifungua juzi, mtoto wa kike, na leo wanaruhusiwa. Hospitali iko juu, kilomita kumi na moja za mlima kutoka hapa. Anatakiwa awe amewachukua kabla ya saa nane mchana.

"Mama, breki zimekuwa laini kidogo," anasema. "Niongezee tu mafuta, niende."

"Laini kama nini?"

"Kama kukanyaga mkate."

Mama Kanyaga anafungua boneti, anapangusa mfuniko wa kikopo cha mafuta ya breki kwa kitambaa safi, kisha anauzungusha polepole. Anachungulia. Anamwita seremala naye achungulie.

"Nikuongezee wapi?"

Kikopo kimejaa hadi kwenye mstari.

"Kumbe," anasema seremala.

"Kumbe," anarudia shemeji yake nyuma. "Mwenzangu huyu angeongeza mpaka kwenye redio."

Fundi anatoa kifaa chenye umbo la kalamu, anachovya ncha yake kwenye mafuta. Kina taa ndogo tano. Ya kijani inawaka ikiwa mafuta hayana maji, ya njano yakianza kuingia maji, nyekundu yakiwa yameharibika. Inawaka nyekundu.

"Labda hiyo kalamu ndiyo imeharibika," anasema seremala.

Mama Kanyaga anachukua chupa mpya, anavunja muhuri wake mbele ya macho ya seremala, anamimina kidogo kwenye kifuniko na kuchovya tena baada ya kuifuta ncha. Kijani.

"Mafuta haya yanapenda maji kama sifongo," anamweleza. "Hayangoji mvua. Yanavuta unyevu kwenye hewa hii hii tunayovuta sisi. Yakikaa ndani ya gari miaka miwili, mitatu, yameshachoka. Uliyabadilisha lini?"

"Nimelinunua mwaka wa pili huu. Sijawahi kuyabadilisha. Mwezi uliopita tu, yalishuka sana, taa ikawaka. Nikaongeza dukani kule njia panda."

"Ya chupa?"

"Ya kupima."

Fundi anafunga kikopo. Bibi, aliyekuwa anamimina chai, anaweka birika chini.

Mafuta ya kupima ni jambo la kawaida kwenye maduka mengi ya vipuri. Chupa nzima ni ghali, na mtu anahitaji kidogo tu. Muuzaji hufungua dumu kubwa, akawa anawapimia wateja kwa kikombe, leo huyu, wiki ijayo yule. Dumu linakaa wazi au nusu wazi kwa miezi. Mteja anafurahi kwa sababu amelipa kidogo, na muuzaji anafurahi kwa sababu ameuza. Hakuna anayemdanganya mwenzake. Maji tu ndiyo yanaingia kimyakimya.

"Breki zako zina mambo mawili," anasema Mama Kanyaga. "Hewa iliingia mafuta yaliposhuka, ndiyo maana ni laini. Hiyo ungeishi nayo leo. La pili ndilo linalonitisha. Kupanda mlima hakuhitaji breki. Utapanda vizuri, utafika, utampakia mke wako na mtoto. Halafu utashuka kilomita kumi na moja mguu ukiwa juu ya pedali. Breki zitapata moto. Maji yaliyo ndani ya mafuta yatachemka, yatakuwa mvuke. Na mvuke haukanyagiki. Pedali itakwenda mpaka chini na gari litaendelea na safari yake."

Seremala anaangalia saa. Ni saa tatu na dakika tano.

"Itachukua muda gani?"

"Saa mbili na nusu, skrubu zikikubali."

Seremala anakubali, lakini kwa kichwa tu. Mama Kanyaga anachomoa ufunguo wa gari na kumkabidhi mama mkwe wake. Bibi anaupitisha kwenye kamba na kujivika shingoni. Huo ndio utaratibu wa gereji hii: gari likishaguswa breki, ufunguo unakaa shingoni kwa bibi mpaka pedali iwe ngumu.

Sheria hiyo imewapotezea wateja. Kati ya magari kumi yanayoingia kwa wiki, matatu huondoka bila kuguswa kwa sababu wenyewe hawataki ufunguo wao uvaliwe na mtu mwingine. Kuna fundi mtaa wa pili anayeongeza mafuta kwa dakika tano na hamwulizi mtu maswali. Anapata magari ishirini.

"Ananishinda kwa kipato," anasema Mama Kanyaga. "Nalala vizuri kuliko yeye, lakini usingizi haununui spana."

Aliingia kwenye ufundi kwa mlango wa nyuma. Alikuwa anaosha magari kwenye gereji kubwa, miaka kumi na minne iliyopita. Fundi mkuu pale alikuwa mnene na mgongo ulikuwa unamsumbua, akawa anamwomba yule mwosha magari mwembamba aingie chini amshikie hiki, amfungulie kile. Baada ya mwaka alikuwa anafungua na kufunga mwenyewe. Baada ya miaka minne alichukua jeki moja na spana kumi na mbili, akaanza kazi yake chini ya bati hili. Mumewe ni mpishi katika shule ya bweni na hurudi nyumbani siku za Jumamosi. "Yeye anapika, mimi nanuka mafuta," anacheka. "Majirani walichoka kushangaa."

Gari la kijivu linapandishwa kwenye jeki na kuwekewa vigogo vya kulishikilia. Magurudumu yanatolewa. Kitambaa chenye maji kinatandikwa juu ya bodi, kwa sababu tone moja la mafuta ya breki linababua rangi. Kwa bomba la sindano kubwa, fundi ananyonya mafuta ya zamani yaliyo kwenye kikopo na kujaza mapya.

Sababu ya mafuta kushuka inaonekana upesi. Nyuma kulia, skrubu ya kutolea hewa haikukazwa sawasawa na aliyeigusa mara ya mwisho. Vumbi kuizunguka limelowa, ishara ya kuvuja polepole. Hilo ni rahisi.

Tatizo liko nyuma kushoto. Kazi lazima ianzie hapo, kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na kikopo, kisha isogee kuelekea karibu. Na skrubu ya nyuma kushoto imeliwa na kutu. Mama Kanyaga anaipulizia dawa ya kulainisha kutu, anaigonga kidogo kwa nyundo ndogo, anasubiri. Anavisha spana ya duara inayoshika pande zote sita. Anavuta. Haiendi.

Anapulizia tena. Anasubiri tena.

"Ikikatika, gari hili halitoki leo," anasema, hamwambii mtu yeyote hasa.

Inafika saa nne. Inafika saa nne na nusu. Simu ya seremala inalia. Anaongea akiwa amegeuka upande, lakini sauti ya mkewe inasikika hadi kwenye benchi. Wameshamwomba aondoke kitandani, kuna mgonjwa mwingine anakisubiri. Amekaa kwenye benchi la korido na mtoto.

"Nakuja," anasema seremala. "Nakuja, mama, nakuja."

Anakata simu na kwenda moja kwa moja kwa bibi.

"Bibi, naomba ufunguo wangu."

"Bado, mjukuu wangu."

"Nirudishieni magurudumu. Nitaendesha taratibu. Nitatumia gia. Watu wanashuka mlima ule kila siku na magari mabovu kuliko hili."

"Sikatai," anasema Mama Kanyaga kutoka chini. "Chukua teksi. Ufunguo utakuwa hapa."

"Teksi kwenda na kurudi ni kazi yangu ya siku tatu! Na gari ni langu! Mnanizuiaje na gari langu mwenyewe?"

Hapo hata shemeji yake hatanii tena. Bibi ameshika ufunguo kwa mkono mmoja, kama mtu anayeshika mkufu.

Mama Kanyaga anatoka chini ya gari. Anakaa sakafuni, mgongo kwenye bodi, mikono juu ya magoti. Anaongea bila kupandisha sauti.

"Ni kweli ni lako. Kaa kidogo, nikwambie kwa nini nakuwa mkorofi. Halafu ukiutaka, Mama atakupa."

Seremala hakai. Lakini haondoki.

Miaka minane iliyopita, anasimulia, aliletewa gari la mwalimu mmoja. Gari la bluu, mke na watoto watatu. Alibadilisha mafuta vizuri, gurudumu la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la mwisho, la mbele upande wa dereva, chupa ikaisha. Ilikuwa imebaki kidogo tu kumaliza. Kununua chupa nzima nyingine kwa ajili ya kikombe kimoja aliona ni uharibifu. Alikwenda njia panda, akapimiwa kikombe.

"Kikombe kimoja," anasema. "Na kikaenda kwenye gurudumu la mbele, ambalo ndilo linalopata moto kuliko yote. Mwalimu akakanyaga, pedali ngumu kama ukuta. Akanishukuru. Nikapokea shukrani yake."

Miezi miwili baadaye mwalimu alikuwa anashuka mlima huohuo na familia yake. Katikati ya mteremko pedali ikaenda mpaka chini. Alishusha gia, akavuta breki ya mkono, mwishowe akalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo likakwama. Hakuna aliyekufa. Mtoto wa katikati alivunjika mkono mara mbili.

"Mwalimu aliwaambia watu wote ni kosa lake, alikuwa na mwendo mkali. Hakuna aliyeniuliza mimi kitu. Hata mmoja. Lakini nilikwenda njia panda nikaliangalia lile dumu. Lilikuwa halina mfuniko. Nilipomweleza fundi mmoja wa malori, akanieleza habari ya maji na mvuke. Nilikuwa fundi wa breki miaka kadhaa na nilikuwa siijui."

Alikaa siku nne bila kusema. Siku ya tano alimwambia mama mkwe wake.

"Aliniambia akiwa anachambua mchele," bibi anaingilia. "Nikamwambia, acha mchele, vaa viatu. Tukaenda wote. Mimi nilikaa karibu na mlango. Yeye akasema yote, hakujipunguzia hata kidogo. Mke wa mwalimu aliinuka akaingia ndani, hakutoka tena mpaka tulipoondoka."

"Mwalimu je?" anauliza shemeji mtu.

"Alisema asante kwa kuja," anajibu Mama Kanyaga. "Nililitengeneza gari lake lote bila malipo, lilichukua miezi miwili. Alilichukua na hakurudi kwangu tena. Simlaumu. Mtoto alipona, namwona akipita kwenda shule, sasa ni mrefu kuliko mimi. Hajui kuwa mimi ndiye. Au labda anajua."

Tangu siku hiyo hajawahi kutia kwenye gari mafuta ambayo hakuvunja muhuri wake mwenyewe. Kinachobaki kwenye chupa baada ya kazi, hata kiwe nusu, hakiingii kwenye gari la mtu mwingine. Kinaenda kwenye dumu la mafuta machafu. Kwa mwezi, anakadiria, anamwaga mafuta yenye thamani ya kazi ya magari matatu.

Mwaka uliofuata bibi alijitolea kukaa kwenye pedali. Alikuwa na sababu yake. "Niliona anaanza kuogopa," anasema. "Alikuwa anakagua kitu kimoja mara sita. Nikasema, huyu anahitaji mtu wa kumjibu."

Bibi anavua kamba shingoni. Anauweka ufunguo juu ya benchi, kati yake na seremala.

"Basi, mjukuu wangu. Huo hapo."

Seremala anautazama. Anatazama beseni lenye blanketi la manjano mikononi mwa shemeji yake. Kisha anapiga magoti, si mbele ya benchi, bali kando ya gurudumu la nyuma kushoto, anainamisha kichwa kuiangalia ile skrubu.

"Umeshajaribu kuikaza?"

"Kuikaza? Nataka kuifungua."

"Najua. Lakini skrubu iliyooza kwenye mbao ukiivuta tu kufungua, inakatika. Unaikaza kwanza, kidogo sana, kama unaidanganya. Ikisogea hata unywele, ndipo unaifungua."

Mama Kanyaga anasogea kidogo ili naye aone, anavisha spana na kuisukuma upande usio wake, upande wa kukaza, taratibu sana. Inasikika *tik*.

Anairudisha. Inakuja.

"Mwanamume!" anapiga kelele shemeji mtu. "Leo ndiyo nimejua dada yangu alikuona nini!"

"Mama, panda!" anasema Mama Kanyaga, tayari yuko chini.

Bibi anaingia kwenye kiti cha dereva kwa kasi isiyolingana na miaka yake. Seremala anapewa kazi ya kusimama mbele ya boneti na kuangalia kikopo, asiruhusu mafuta yashuke chini ya mstari, kwa sababu yakiisha hewa itaingia tena. Hahitaji kuelezwa mara mbili. Kazi yake yote ya useremala ni kuangalia mistari.

"Kanyaga! Tena! Tena! Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

Mafuta yanayotoka ni ya rangi ya kahawa, mapovu yanafuatana kama shanga. Raundi ya kumi mapovu yanapungua. Ya kumi na tano rangi inafunguka. Mafuta mapya yanatokea, safi, ya manjano hafifu. Wanakwenda nyuma kulia. Mbele kushoto. Katikati ya gurudumu la tatu bibi anapiga chafya kubwa, na watu wote wanageuka kumtazama mguu wake. Haujasogea.

"Mnaniangalia nini?" anasema. "Nimepiga chafya kwa pua."

Gurudumu la mwisho ni la mbele upande wa dereva. Hapa Mama Kanyaga haongei zaidi ya maneno yanayotakiwa. Anafungua chupa ya pili, mpya, ingawa anahitaji kikombe kimoja tu. Seremala anaona muhuri ukivunjika. Anarudisha macho kwenye kikopo.

Saa sita na dakika kumi skrubu zote zimekazwa, zimefutwa na kuvishwa kofia zake za mpira. Magurudumu yamerudi. Ufunguo haujawahi kuondoka kwenye benchi. Mama Kanyaga anamwambia seremala akae kwenye kiti na kukanyaga mwenyewe.

Anakanyaga. Uso wake unabadilika.

"Si mkate tena?"

"Ni ubao," anasema seremala. "Ni mninga."

Wanazunguka pamoja barabara ya nyuma, fundi akiwa kando yake. Wanasimama mara sita, mara mbili kwa nguvu. Wakirudi, anamwandikia tarehe kwenye karatasi ya kunata na kuibandika karibu na kikopo: leo, na miaka miwili kutoka leo. "Hata kama hutalitembeza," anamwambia. "Mafuta haya hayahesabu kilomita, yanahesabu siku."

Gari la kijivu linapanda mlima saa sita na nusu. Mama Kanyaga anaosha mikono kwa sabuni ya unga, mara mbili, halafu mara ya tatu. Linaingia gari jingine, teksi kuukuu, anamwambia dereva angoje. Hasemi anangoja nini. Bibi anamsogezea chai, inapoa. Saa nane inapita. Saa tisa kasorobo anasimama ukingoni mwa barabara, mkono juu ya macho, kana kwamba jua ndilo linalomsumbua.

Saa tisa na dakika ishirini gari la kijivu linakuja kutoka upande wa mlima. Linasimama pale pale lilipotakiwa kusimama.

Seremala anashuka, shati limelowa mgongoni. Anaeleza kuwa alishuka nyuma ya lori la kokoto lililokuwa linatambaa, na kona ni kona, hakuwa na njia ya kulipita. Mguu haukutoka kwenye breki kwa zaidi ya nusu saa. Alisikia harufu ya moto kwenye magurudumu. "Kila nikikanyaga nilikuwa nasubiri iende chini," anasema. "Kila nikikanyaga. Haikwenda, Mama. Haikwenda."

"Nilimwuliza mbona umenyamaza," anasema mkewe kutoka kiti cha nyuma, "akasema ngoja tufike chini nitakwambia. Hajaniambia mpaka sasa."

Kando yake, kwenye blanketi la manjano, mtoto wa siku tatu amelala mdomo wazi. Mama Kanyaga anachungulia dirishani kwa muda mrefu. Hamgusi, mikono yake bado ina harufu ya kazi.

Seremala amekasirika kwa namna mpya. Anataka waende sasa hivi njia panda, yeye na shemeji yake, wakamtolee yule muuzaji wa mafuta ya kupima maneno yake mbele ya wateja wake wote. Shemeji mtu ameshaanza kukunja mikono ya blauzi.

"Hapana," anasema Mama Kanyaga. "Yule hajui. Mimi nilikuwa fundi na sikujua, sembuse yeye aliye nyuma ya kaunta. Mpeleke mtoto nyumbani."

Wanapoondoka, anaeleza mpango ambao amekuwa nao kichwani kwa muda na ambao leo ameona usisubiri. Watu hawanunui mafuta ya kupima kwa ujinga, anasema, bali kwa sababu chupa moja huwa haitoshi gari zima, ya pili hubaki nusu, na bei yake inauma. Basi anataka wenye magari waje wawili wawili siku moja, jirani na jirani, ndugu na ndugu. Kila gari linatumia chupa yake, na ya tatu inavunjwa muhuri siku hiyohiyo, inagawanywa kwenye magari yote mawili, inakwisha kabla ya jioni. Kila mmoja analipa nusu ya hiyo ya tatu, na hakuna kinachobaki kukaa wazi. Muuzaji wa njia panda auze chupa zilizofungwa na kuwaelekeza wateja kwake. Hatapoteza kitu.

Kesho asubuhi atakwenda kuzungumza naye, kabla hajafungua duka, ili asiaibike mbele ya watu. Bibi amesema atakwenda naye.

Na akikataa?

Mama Kanyaga anakunja kitambaa chake mara nne.

"Ana gari dogo analowapelekea watoto wake shule," anasema. "Analiongezea mafuta ya breki mwenyewe, kutoka kwenye dumu lilelile. Sitaanza na habari ya duka. Nitamwomba aniletee hilo kwanza."